Barua moja ya VA, madai matano: lipi likatiwe rufaa, na kwa njia ipi?

Jumuiya_MN

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye jumuiya yetu hapa Minnesota wapo maveterani waliozaliwa Kenya, Tanzania na Kongo wakaingia jeshi la Marekani wakiwa na grini kadi. Barua ya uamuzi wa fidia ya ulemavu kutoka VA (Idara ya Maveterani ya Marekani) ikifika, wengi huja tuwasaidie kuielewa. Nawawekea mfano mmoja. Mwenyewe ameridhia niueleze bila jina.

Alihudumu Army miaka sita, ikiwemo miezi tisa Kambi ya Lemonnier, Djibouti, mwaka 2016. Dai lilipokelewa Septemba mwaka jana. Barua ina tarehe 11 Februari mwaka huu na inasema hivi: mgongo 10%. Milio masikioni 10%. Kipandauso kimekubaliwa kuwa kimetokana na jeshi, lakini kimepewa 0%. Goti la kulia limekataliwa kwa kuwa hakuna rekodi ya matibabu ya goti akiwa jeshini. Pumu imekataliwa, "hakuna uhusiano na utumishi". Jumla 20%.

Kuna wanaomwambia akimbilie Bodi ya Rufaa, wengine wanasema aanze dai upya. Akate yote kwa pamoja? Na sisi wa jumuiya tunaruhusiwa kumsaidia hadi wapi? Sasa ni Novemba, muda unayoyoma.

---

Dawati_la_Fidia

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kuwaponza. Kanuni za VA haziruhusu mtu asiyeidhinishwa kumwandalia veterani madai wala kumwakilisha, hata kama hachukui senti. Mwanya uliopo ni mdogo: mtu binafsi anaweza kumwakilisha veterani kwa dai moja tu, bila malipo, kwa fomu 21-22a na tamko lililotiwa saini na wote wawili kwamba hakuna fedha. Jumuiya inayoandalia watu kumi fomu zao imeshavuka mstari. Kumsomea barua, kumtafsiria, kumpeleka kwenye uchunguzi, kuandika ushahidi wa mlichokiona kwa macho yenu, hayo hayana kizuizi. Fomu na hoja mwachieni mwakilishi aliyeidhinishwa. Wa bure wapo: mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW, na afisa wa maveterani wa kaunti, ambaye Minnesota kila kaunti inaye. Akishasaini fomu 21-22 ya kumteua, kwa kawaida mwakilishi anaweza kufungua faili lake kwenye kompyuta, pamoja na ripoti ya daktari mchunguzi. Hiyo ripoti ndiyo mnayoihitaji kuliko barua yenyewe.

Sasa barua. Humo mna maamuzi matano yaliyotiwa bahasha moja, na tangu mfumo mpya wa rufaa ulipoanza tarehe 19 Februari 2019 kila dai linaweza kupitia njia yake. Kwa kila moja jiulizeni: kile kinachohitajika ili ashinde tayari kimo kwenye faili, au hakimo?

Kama kimo, na aliyeamua hakukiona au alikipima vibaya, ni Mapitio ya Ngazi ya Juu, fomu 20-0996. Afisa mwandamizi anasoma faili lilelile upya. Hapokei karatasi mpya hata moja, lakini veterani au mwakilishi wake anaweza kuomba mazungumzo ya simu na kumwonyesha kosa lilipo. Weka alama kwenye kisanduku cha mazungumzo hayo, na simu ipokewe. Wakishindwa kumpata wanaendelea na uamuzi bila yeye.

Kama hakimo, ni Dai la Nyongeza, fomu 20-0995. Hili linataka ushahidi mpya na wenye uzito kwa jambo lenyewe. Upya maana yake haukuwahi kuwa kwenye faili. Watu hutuma tena rekodi zilezile za hospitali zikiwa zimepangwa vizuri zaidi, kisha wanashangaa dai halifunguliwi.

Njia ya tatu ni Bodi, fomu 10182. Pale jaji anasoma bila ushahidi mpya, au anapokea ushahidi ndani ya siku 90 tangu fomu ifike, au anasikiliza shauri na kupokea ushahidi hadi siku 90 baada ya siku hiyo. Ndiyo njia ndefu kuliko zote, na mara nyingi Bodi inarudisha faili chini kwa uchunguzi mwingine. Kwa mtu wenu sioni sababu ya kuanzia huko.

Twende dai kwa dai.

Milio masikioni: 10% ndiyo kilele. Hakuna kiwango cha juu yake, iwe sikio moja au yote mawili. Achaneni nayo.

Pumu ndiyo ningeishika kwanza. Sheria ya PACT ya tarehe 10 Agosti 2022 inahesabu kila aliyehudumu Djibouti tangu 11 Septemba 2001 kuwa alivuta moshi na vumbi lenye madhara, na pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini imo kwenye orodha ya magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na huko. Hahitaji daktari wa kuunganisha ugonjwa na utumishi. Anahitaji vitu viwili: uthibitisho kwamba alikuwa Djibouti, na ugonjwa uliopimwa na daktari. Basi tazameni DD 214, yaani hati ya kutoka jeshini, kisanduku cha 18. Kisanduku cha 12f kinaonyesha muda wa utumishi nje ya nchi, hakitaji nchi. Ikiwa kisanduku cha 18 kinasema Djibouti, na pumu imo kwenye rekodi alizopeleka, kosa ni la uamuzi: 20-0996. Ikiwa hakitaji, tafuteni amri ya kupelekwa au hati za mshahara zinazoonyesha posho ya huko, mpeleke na 20-0995. Angalieni pia tarehe ya ugunduzi. Kama pumu iligunduliwa akiwa bado na gwanda, hiyo si ya orodha ya PACT bali ni ugonjwa ulioanzia jeshini moja kwa moja, na hoja inabadilika (inakuwa rahisi zaidi, kusema kweli).

Goti ni la 20-0995, kipandauso vilevile, mgongo unategemea ripoti. Hayo mawili ya mwisho kuna wajuzi zaidi yangu humu.

Tarehe: mwaka mmoja unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku aliyoifungua. Yaani hadi 11 Februari ijayo. Akiwasilisha kabla ya hapo na akashinda, malipo yanaweza kurudi hadi Septemba mwaka jana. Akichelewa, Dai la Nyongeza bado linapokelewa, ila malipo yanaanza siku alipolileta. Mapitio ya Ngazi ya Juu na Bodi milango yake inakuwa imefungwa. Ndiyo maana "anza upya" ni ushauri mbaya kwa mtu aliye na miezi mitatu mkononi.

---

Nesi_Amina

Nachukua mgongo na kipandauso.

Mgongo wa chini hupimwa kwa digrii za kuinama mbele. Akizidi 60 lakini asivuke 85 ni 10%. Akizidi 30 lakini asivuke 60 ni 20%. Akiishia 30 au chini ni 40%. Daktari anatakiwa kutumia kipima pembe, si kukadiria kwa jicho. Shida ni kwamba uchunguzi hufanyika siku ambayo mtu ameweza kutoka kitandani na kuendesha gari. Mahakama ya rufaa za maveterani ilisema mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, kwamba daktari lazima amuulize veterani hali inavyokuwa maumivu yanapopanda, mara ngapi, kwa muda gani, kisha akadirie kwa digrii anapoteza kiasi gani siku hizo. Fungueni ripoti, mtafute sehemu ya maumivu kupanda. Mkikuta daktari ameandika kwamba hawezi kusema bila kubahatisha kwa sababu hakumwona siku ya maumivu, na hakueleza zaidi, uchunguzi huo ni pungufu. Hiyo ni 20-0996: kosa limo ndani ya faili, na afisa mwandamizi akilikubali anaagiza uchunguzi ufanywe sawasawa. Kama daktari aliuliza na mgonjwa wetu akajibu "naendelea vizuri tu", hapo hakuna kosa la kushika.

Na hili la "naendelea vizuri" linawagharimu watu wetu kuliko kitu kingine. Kwetu mtu akikuuliza hali, jibu ni nzuri, alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu, hata kama hukulala. Daktari mchunguzi anaandika neno kwa neno: mgonjwa anasema yuko vizuri. Hakuna anayemtaka atie chumvi. Aseme siku mbaya ikoje na huja mara ngapi. Anaposimama kufunga viatu anashika wapi? Anaweza kukaa kwenye kiti dakika ngapi kabla ya kuinuka? Maumivu yanapoanza wakati wa kuinama aseme hapohapo, kwa sauti, digrii ile iandikwe.

Kipandauso: 0% maana yake wamekubali ugonjwa lakini hawakuona mashambulio ya kumlaza mtu. Kiwango kinasema shambulio la kumlaza mara moja kila miezi miwili ni 10%, mara moja kwa mwezi ni 30%, na mashambulio ya mara kwa mara, marefu, yanayovuruga uwezo wa kujipatia riziki ni 50%. Hesabu hii ni wastani wa miezi kadhaa ya karibuni. Kwa hiyo anayeandika tu "naumwa kichwa sana" hajasema lolote linaloweza kuhesabiwa. Aanze daftari leo: tarehe, saa lilipoanza, saa lilipokwisha, alitapika au la, alizima taa akalala au aliendelea na kazi, dawa aliyomeza, zamu aliyokosa. Mwajiri akitoa karatasi ya siku za kutokuwepo, iambatanishwe. Mke au mtu anayeishi naye aandike kwenye fomu 21-10210 anachokiona, si anachokidhani: "Amejifungia chumbani kwa muda wa saa sita, watoto nimewahamishia kwa jirani." Sentensi ya namna hiyo ina kazi. "Anateseka sana" haina.

Na amwone daktari wake wa kawaida pia, neno "alilala gizani" liingie kwenye rekodi za kliniki. Daftari peke yake, likiwa limeanza wiki moja kabla ya kukata rufaa, linatiliwa shaka.

---

Kaka_Tito

Niongeze hesabu, kwa sababu watu hupigania dai lisilobadilisha chochote na kulala usingizi kwa lile linalobeba mzigo.

VA haijumlishi asilimia kama dukani. Mtu mzima ni 100. Tuseme kipandauso kinapanda hadi 30, pumu inapewa 30 (anayetumia dawa ya kuvuta kila siku hufikia hapo), mgongo 20, masikio 10. Ya kwanza 30 inaacha 70. Ya pili ni 30 ya hiyo 70, yaani 21: jumla 51. Kwa mgongo ni 20 ya 49 iliyobaki, jumla 61. Masikio 10 ya 39, jumla 65. Tano inapandishwa: 70%.

Sasa ongeza goti la 10%: unapata 69, bado ni 70. Lakini bakiza mgongo kwenye 10%: 51, 56, 60. Hiyo ni 60%, na ukiongeza goti inakuwa 64, bado 60. Mgongo ndio unaoamua. Kwa viwango vya mwaka 2025, bila mke wala mtoto, 20% ilikuwa dola 346.95 kwa mwezi, 60% ilikuwa 1,395.93 na 70% ilikuwa 1,759.19. Fedha hizi hazikatwi kodi.

Goti asilitupe, likija kuharibika baadaye na kuhitaji upasuaji atashukuru lilikubaliwa mapema. Ila nguvu nyingi ziende kwenye ripoti ya mgongo.

Jingine: watu wanaopiga simu wakidai mara tano ya ongezeko la mwezi, na kusema wao ni "washauri" tu, wakimbieni. Mwanasheria au wakala aliyeidhinishwa haruhusiwi kutoza kwa dai la kwanza. Anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na 20% ya malimbikizo ndiyo inayochukuliwa kuwa ya haki bila kuhojiwa. Ikizidi theluthi moja inachukuliwa kuwa si ya haki. Orodha ya walioidhinishwa iko kwenye tovuti ya VA, upande wa mwanasheria wake mkuu. Mtafute kwa jina kabla ya kusaini.

---

Jumuiya_MN

Nawashukuru sana wakuu. Ya kuandaa fomu tumeyaacha, tunampeleka kwa afisa wa kaunti. Mawili yamebaki. Goti: daktari aliyemtibu Nairobi baada ya kutoka jeshini anaweza kuandika barua ikakubalika? Na faili kamili likichelewa kufika, asubiri?

---

Dawati_la_Fidia

Asisubiri. Ombi la faili kwa fomu 20-10206 linaweza kuchukua miezi, na halisimamishi saa. Mwakilishi asome faili kwenye mfumo, au walete Dai la Nyongeza na ushahidi walio nao kabla ya Februari.

Barua ya daktari wa Nairobi inapokelewa. Uzito wake unatoka kwenye sifa za daktari na hoja zake. Iandikwe kwa Kiingereza, na iwe na mambo haya: kwamba amesoma rekodi za jeshi na ataje zipi, ugonjwa wa goti una jina gani leo, tukio gani jeshini, kisha kwamba uwezekano ni angalau 50 kwa 100 kuwa goti limetokana na tukio hilo, na kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo barua nyingi hufa. Daktari akiandika "inawezekana limetokana na jeshi", VA inasoma kuwa hajui. Akiandika asilimia bila sababu, wanaegemea maoni ya daktari wao aliyeeleza. Aeleze mzigo aliobeba kwenye matembezi, jinsi gegedu linavyolika, kwa nini umri peke yake hautoshi, na kwa nini kutokuwa na rekodi ya kliniki hakumaanishi hakuumia. Wenzake wawili wa kikosi waandike kwenye 21-10210 kwamba walimwona akichechemea, wapi na lini. Ushahidi wa nusu kwa nusu unatosha, sheria inampa veterani faida ya shaka.

---

Nesi_Amina

Hapo kwenye goti natofautiana nawe kidogo. Kama daktari wa VA alikataa kwa sababu moja tu, kwamba rekodi za jeshini hazitaji goti, na hakugusa maelezo ya mwenyewe, maoni hayo ni pungufu. Kesi ya Dalton ya mwaka 2007 ilishalisema. Angeweza kwenda 20-0996 bila kulipia barua ya daktari.

---

Dawati_la_Fidia

Kisheria uko sahihi. Kinachonizuia ni kwamba akishinda hoja hiyo anapata uchunguzi mwingine tu, na daktari wa pili anaweza kufikia palepale kwa maneno mengi zaidi. Barua nzuri inabaki kwenye faili hata ngazi zinazofuata. Lakini kama hana uwezo wa kuilipia, aanze na njia yako. Akishindwa huko bado ana mwaka mwingine wa kuleta Dai la Nyongeza bila kupoteza tarehe ya kuanza malipo. Asichoweza ni kuomba Mapitio ya Ngazi ya Juu mara mbili mfululizo kwa dai hilohilo, wala kuliweka kwenye njia mbili kwa wakati mmoja.

Akija kwenda Bodi siku za usoni, fomu 10182 inatumwa kwa Bodi, Washington, au kwa mtandao. Isiende Janesville, Wisconsin, kunakopokelewa zile nyingine mbili. Bodi ikikataa ana siku 120 za kwenda mahakamani.

---

Kaka_Tito

La familia msilisahau. Kwa 20% hakuna nyongeza ya mke wala watoto. Inaanza akifika 30%. Siku uamuzi wa kumfikisha huko unapotoka, apeleke fomu 21-686c ya kuongeza wategemezi ndani ya mwaka mmoja ili nyongeza ihesabiwe tangu tarehe ambayo kiwango hicho kimeanza kutumika. Kama ndoa ilifungwa Mombasa au Bukoba, VA inaipima kwa sheria ya mahali hapo, kwa hiyo cheti kilichosajiliwa kinaondoa maswali. Linganisheni majina: DD 214 inaweza kuwa na majina mawili, cheti cha ndoa matatu, cha mtoto kina jina la babu. Tofauti kama hiyo inaweza kuchelewesha, basi aambatanishe maelezo mafupi kwenye fomu 21-4138 kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, pamoja na nakala ya pasipoti.